Tumefungua Redio, Lakini Nani Anatusikiliza?

Hotuba hii ilitolewa na mwalimu mstaafu, ambaye ni mwanakamati wa vipindi katika kituo kimoja cha redio ya jamii, mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia vilivyofungua redio yao hivi karibuni. Tunaichapisha karibu kama alivyoisema. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliwa vikundini.



Nashukuru kwa kunialika. Katibu wenu aliponipigia simu hakuzunguka. Aliniambia, "Mwalimu, tulichanga, tukajenga, tukafungua. Sasa huu ni mwezi wa nne na watu hawasikilizi. Vikundi viwili vimesema havitoi tena mchango wa kila mwezi. Njoo utuambie kama tufunge au tuendelee."

Mimi sikuja kuwaambia mfunge au muendelee. Uamuzi huo ni wa mkutano wenu, maana jasho ni lenu. Nimekuja kuwasimulia yaliyotupata sisi, pamoja na makosa yangu mimi mwenyewe. Mengine mtacheka. Chekeni tu, lakini mwandike.

SIKU YA SHEREHE NA SIKU ILIYOFUATA

Siku tuliyofungua kituo chetu palikuwa na kwaya, ngoma, na mbuzi wa kuchinja. Chifu alihutubia. Watoto wa shule waliimba. Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda miti. Sisi wanakamati tuliangalia umati ule tukasema moyoni, "Wasikilizaji ndio hawa." Kumbe wale walikuwa wageni wa sherehe. Kesho yake walirudi mashambani, na redio zao zikarudi kwenye vituo vya Nairobi zilivyovizoea.

Mimi nilipewa kipindi cha kilimo. Miaka thelathini nimefundisha, basi nilijiona nafaa. Niliandika somo langu vizuri katika daftari, nikaingia studio saa nane mchana, nikasoma kurasa sita bila kupumzika. Mwishoni nilitaja nambari ya simu na kusema, "Mwenye swali apige." Nikangoja. Kimya. Siku ya pili, kimya. Wiki ya tatu nikamwambia fundi aangalie kama simu imeharibika. Aliipiga kwa simu yake, ikalia vizuri kabisa. Simu ilikuwa nzima.

Jioni moja nikitoka studio nilipita dukani kununua sukari. Redio ya duka ilikuwa inaimba kwa sauti, kituo cha Nairobi. Mwenye duka aliponiona alishtuka, maana mkewe ni mwanachama wa kikundi kimojawapo chenye redio. Akakimbilia kuzungusha kile kifundo atutafute. Alizungusha akaenda mpaka mwisho, akarudi mpaka mwanzo. Hakutupata. Nikamlipia sukari yake nikaenda zangu nyumbani, na usiku ule sikulala vizuri.

Mwezi wa tano ukaitishwa mkutano mkuu. Mama mmoja akasimama. Alisema hivi: "Mwalimu, kikundi chetu kiliuza mbuzi saba ili redio hii ijengwe. Mmoja alikuwa wangu. Mimi nauliza swali moja tu. Mbuzi wangu analia wapi?"

Watu walicheka sana. Mimi sikucheka. Nilikuwa sina jibu.

TULIKWENDA NYUMBA KWA NYUMBA

Baada ya mkutano ule tuliamua kufanya jambo ambalo tungelifanya kabla ya kununua hata msumari mmoja. Tuligawana vijiji, tukatembea kwa miguu wakati wa jioni, tukaingia nyumba za watu na kuuliza: Je, mna redio? Mnasikiliza kituo gani? Saa ngapi? Nani anaishika redio hapa nyumbani? Kama hamtusikilizi, kwa nini?

Mimi nilipewa kijiji changu mwenyewe. Nyumba nyingi zilikuwa na redio, na nyingine zilisikiliza kwa simu za kabambe. Zilizokuwa kwenye masafa yetu nilizihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole kimoja kilibaki.

Ndugu zangu, kazi hiyo ni chungu lakini ifanyeni. Sisi tulirudi na sababu nne, na hakuna hata moja tuliyokuwa tumeifikiria tukiwa tumekaa ofisini.

Sababu ya kwanza: kuna watu ambao hawakuweza kutusikia hata wangetaka. Mawimbi ya FM husafiri kama mwanga wa tochi. Ukimulika kilima, nyuma ya kilima ni giza. Fundi alitueleza kwamba mlingoti wa mita 30 kwenye nchi tambarare kabisa hufikisha mawimbi kama kilomita 20 na ushee, basi, yakafika mwisho wa upeo. Ukitaka kwenda mbali mara mbili, si mlingoti wa mita 60 unaohitajika, ni wa mita 120, yaani mara nne. Na nchi yetu si tambarare. Vikundi vitatu vilivyochanga sawasawa na wengine vilikuwa nyuma ya kilima. Walikuwa wamelipia giza. Tuliwaendea tukawaeleza ukweli, na kamati ikawaondolea mchango mpaka tutakapopata njia. Wawili kati yao walikubali. Wa tatu alijitoa, naye hatukumlaumu.

Sababu ya pili: saa. Kipindi cha akina mama tulikiweka saa tatu asubuhi. Saa tatu asubuhi mama yuko wapi? Yuko mtoni na mitungi, au shambani. Kipindi changu cha kilimo kilikuwa saa nane mchana, wakati ambao mkulima amejilaza chini ya mti na redio iko nyumbani. Tulipanga saa zilizotufaa sisi watangazaji, ambao tulitaka kufika nyumbani mapema.

Sababu ya tatu: lugha. Hapa naomba mnisamehe. Bibi kizee mmoja, mama yake rafiki yangu, aliniuliza kwa heshima kabisa, "Mwanangu, yule mtu anayesoma saa nane, ni hakimu? Maana sauti yake ni ya kumfunga mtu." Hakujua kwamba ndiye mimi. Nilikuwa nikisema "mmomonyoko wa udongo" na "virutubishi" kana kwamba wanafunzi wangu wana mtihani kesho. Kila mtu pale ana neno la mvua inayochukua udongo, na neno hilo halikuwa la kwangu.

Sababu ya nne: mawe ya redio. Betri ni pesa. Katika nyumba nyingi betri mpya hununuliwa ikiwa kuna habari kubwa au mpira. Mtu haweki betri zake zimalizwe na kituo ambacho hajui kitampa nini. Na nyumba nyingi zina redio moja tu, nayo iko mikononi mwa baba. Baba akitoka, imetoka naye. Kwa hiyo kipindi chetu cha akina mama, hata kingekuwa kizuri namna gani, kilikuwa kinaongea na ukuta.

WENGINE WALIFANYAJE?

Tukaanza kuuliza wenzetu. Nawapa mifano michache ili mjue hamko peke yenu.

Kule Nthongoni, Kaunti ya Makueni, iko Redio Mang'elete. Wenyewe ni vikundi 33 vya akina mama, watu kama ninyi, wa nchi kavu ya Ukambani. Walingoja leseni kwa muda mrefu, wakaingia hewani mwaka 2004. Wanatangaza kwa Kikamba. Fikirini jambo hili: kituo chenye vikundi 33 nyuma yake kina jamaa na jirani katika kila kona. Mama wa kikundi akisikika hewani, nyumba yake husikiliza, na jirani husikiliza apate kujua alisema nini. Ninyi pia mna vikundi. Huo ni utajiri ambao kituo kikubwa cha mjini hakiwezi kuununua.

Kule Nairobi, mtaa wa Korogocho, vijana walianzisha Koch FM mwaka 2006, studio yao ikiwa ndani ya kontena la kusafirishia mizigo. Mtambo wao ni wa nguvu ndogo tu. Lakini wanazungumza habari za Korogocho, kwa lugha ya Korogocho. Mtu wa mtaa ule akitaka kujua mambo ya mtaa wake atafungua wapi kwingine?

Kuna pia vituo vidogo ambavyo Idara ya Hali ya Hewa ya nchi yetu ilisaidia kuanzisha, kama kile cha Kangema upande wa Murang'a, na Bulala kule Budalang'i ambako mto Nzoia hufurika. Mtu anayelala karibu na mto haambiwi mara mbili asikilize redio inayomwonya kuhusu maji.

Sasa tutoke Kenya kidogo, twende kwa majirani wa Tanzania, kwa sababu wao walishalijibu lile swali letu la betri zamani sana. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa "Mtu ni Afya". Ilikwenda kwa wiki 12. Hawakumwachia kila mtu asikilize peke yake nyumbani. Watu walikusanyika katika vikundi, redio moja katikati, na kiongozi aliyefundishwa kidogo, na kijitabu. Kipindi kikiisha redio inazimwa, na watu wanaulizana: sisi hapa tufanye nini? Watu karibu milioni 2 walishiriki. Vyoo vilichimbwa, maji ya kunywa yakachemshwa, vichaka vikafyekwa karibu na nyumba. Redio ilizungumza kwa muda mfupi tu, na watu wakafanya yaliyobaki. Nami niliposikia habari hiyo nikakumbuka kurasa zangu sita.

Na kuna mfano wa kutuonya. Wengi hawajui kwamba redio ndogo ya jamii ilifika Kenya mapema sana. Kituo cha Homa Bay kilianza mwaka 1982 kwa ushirikiano wa UNESCO na serikali, kikatangaza kwa Kijaluo. Mwaka 1984 kilifungwa. Wanakijiji walikuwa wasikilizaji, lakini kituo hakikuwa mali yao, kwa hiyo amri ya kufunga ilipotoka juu hawakuwa na mahali pa kushikilia. Ninyi mna bahati. Sheria ya utangazaji ilirekebishwa, na tangu 2009 redio ya jamii inatambuliwa kuwa aina yake yenyewe, isiyo ya kutafuta faida, na pesa zinazopatikana zinapaswa kurudi katika shughuli za kuinufaisha jamii. Redio ni yenu kwa karatasi. Swali ni kama ni yenu kwa masikio.

TULIYOYABADILISHA

Kwanza, tulipanga saa upya kwa kuwauliza wenye saa. Akina mama walisema, "Tupeni saa kumi na moja na nusu alfajiri tukiwasha moto, au saa mbili usiku vyombo vikiwa vimeoshwa." Tukafanya hivyo. Mtangazaji mmoja alilalamika kwamba alfajiri ni baridi. Tukamwambia anunue sweta.

Pili, niliwekwa kando na daftari langu. Kamati ilisema, "Mwalimu, utakuwa unauliza maswali, usijibu." Nikapewa kinasa sauti kidogo, nikaenda kwenye bwawa la mchanga ambalo kikundi kimoja kilikuwa kinajenga mtoni. Nikawauliza: mlianzaje? Ukuta wa kwanza ulibomoka kwa nini? Simenti mlipata wapi? Wakasema kwa maneno yao, na kucheka kwao, na majembe yakisikika nyuma. Kipindi hicho kilirushwa usiku. Kesho yake sokoni watu waliniuliza habari za ukuta ule. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za virutubishi.

Tatu, tulianza kusikiliza kwa pamoja. Kila kikundi kilichagua nyumba moja au duka moja lenye redio, mara moja kwa wiki, na betri zikanunuliwa na kikundi. Hapo hata mama ambaye redio ya nyumbani husafiri na mzee, alipata mahali. Kipindi kikiisha, katibu anaandika mistari mitatu: tulichosikia, tusichokubali, tunachotaka kujua. Karatasi hiyo inaletwa studio na boda boda au mwanafunzi, na wiki inayofuata inasomwa hewani. Watu husikiliza sana wanapongojea kusikia maneno yao wenyewe.

Nne, tulirudisha mambo ambayo sisi wasomi tulikuwa tumeyadharau: salamu, matangazo ya vifo, na ng'ombe waliopotea. Mnakumbuka zamani watu walivyonunua kadi za salamu kutuma kwa redio ya taifa. Mtu alikuwa anangoja wiki nzima kusikia jina lake mara moja. Nasi tuliona salamu ni mchezo. Siku ndama alipopatikana kwa tangazo letu, kijiji kile kizima kilitujua.

Tano, bei za soko. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo tulipozaliwa, na ndipo tulipokaribia kufa.

PESA YA MABROKA

Kwetu tunalima pojo na mbaazi. Mnunuzi huja na gari, anataja bei yake, na mama ambaye anadaiwa karo hana nguvu ya kubishana. Tukapanga vijana wa kujitolea waende masoko matatu kila Jumatatu, waulize bei kwa gorogoro na kwa kilo, na jioni tusome. Baada ya majuma machache akina mama walianza kumwambia mnunuzi, "Sisi tumesikia bei ya soko la pili. Ngoja kwanza." Wengine waliungana wakakodi gari moja wakapeleka wenyewe.

Mabroka wakaja ofisini. Walikuja na adabu na soda. Walisema wako tayari kutupa matangazo ya biashara ya miezi mitatu, ila tu tupunguze hiyo habari ya bei. Jamani, wakati ule tulikuwa na deni la stima! Kamati ilikaa mpaka usiku. Wengine walisema, "Tuchukue, tulipe stima, kisha tutarudia bei." Mimi mwenyewe, nawaambia ukweli, nilikuwa karibu kukubali. Aliyetuzuia ni yule mama wa mbuzi, ambaye sasa tulikuwa tumemchagua katika kamati. Alisema, "Mkiuza masikio yetu kwa mabroka, msituombe tena mbuzi." Tulikataa. Stima ikakatwa siku nne. Vikundi vikachanga kidogo kidogo, ikarudishwa.

SIKU TULIYOKOSEA

Halafu tukakosea wenyewe. Jumatatu moja kijana wetu alikuwa mgonjwa, hakwenda soko. Badala ya kusema hakwenda, akakisia bei kufuatana na wiki iliyopita, nasi tukaisoma. Akina mama wakaamka usiku, wakabeba magunia kwa punda na kwa mgongo, wakafika sokoni wakakuta bei imeanguka. Wengine waliuza kwa hasara kwa sababu hawakuwa na nguvu ya kurudi na mzigo. Mmoja alikuwa amebeba gunia la karo.

Siku ile simu ya studio ililia tangu asubuhi mpaka jua lilipotua. Tulitukanwa kwa lugha zote. Nilipokea simu hizo mimi, moja baada ya nyingine, nikaomba msamaha. Usiku tukasoma hewani kosa letu lote, bila kuficha, na tukarudia siku tatu. Tulisema bei iliyosomwa haikutoka sokoni. Tukasema tangu leo, soko ambalo hatukufika tutasema hatukufika. Kisha mimi na mwenyekiti tulikwenda kwa akina mama wale, nyumba moja moja.

Wakati narudi nyumbani usiku ule nikakumbuka jambo. Ile ndiyo simu niliyoingoja miezi yote mitano! Nilikuwa nimemwambia fundi aitengeneze. Kumbe simu hulia watu wanapokuwa na kitu cha kupoteza. Mtu asiyekusikiliza hakukasirikii. Wale akina mama walibeba magunia gizani kwa sababu walituamini, nasi tukawaangusha. Tangu siku ile sikuuliza tena, "Tuna wasikilizaji wangapi?" Niliuliza, "Leo kuna mtu amefanya jambo kwa sababu ya neno tulilosema? Na neno hilo lilikuwa kweli?"

NJIA ZA MKATO

Mtaambiwa kuna njia za haraka za kupata wasikilizaji. Ya kwanza ni zawadi: piga simu ushinde hiki na kile. Vituo vikubwa vina pesa hizo. Ninyi mkishindana nao kwa zawadi mtamaliza mchango wa mwaka kwa mwezi mmoja, na mwenye kufuata zawadi ataifuata inapohamia.

Ya pili ni mwanasiasa. Atakuja akisema atalipa mafuta ya jenereta, kisha kila siku mtamsikia yeye. Mpeni nafasi sawa na wapinzani wake, na mwambieni mafuta ananunua kila mtu.

Ya tatu ni maneno makali dhidi ya jirani. Hayo huvuta masikio, sitawadanganya. Lakini tunajua yaliyotupata baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilitoa ripoti mwaka 2008, na baadhi ya vituo vya lugha za nyumbani vilitajwa humo kwa kuchochea chuki. Lugha ya mama ina nguvu sana. Ndiyo inayomfanya bibi kizee aelewe habari ya chanjo, na ndiyo inayoweza kumfanya kijana achukue panga. Kituo kikiwa na wasikilizaji elfu kwa njia hiyo, afadhali kingebaki na wanne wangu wa kwanza.

KABLA HAMJAPIGA KURA

Sasa namalizia, maana naona akina mama wa jikoni wananiangalia. Nawaomba mambo machache kabla hamjapiga kura ya kufunga au kuendelea.

Nendeni nyumba kwa nyumba kwanza. Msipige kura juu ya jambo ambalo hamjalihesabu. Tembeeni na redio ndogo, muandike kila kijiji: hapa tunasikika vizuri, hapa kwa shida, hapa hatusikiki. Wale wasiofikiwa waambiwe ukweli, na wasilipishwe kama wengine.

Ulizeni akina mama saa zao. Ulizeni vijana pia, maana wao wanasikiliza kwa simu wakichunga au wakiendesha boda boda.

Chagueni habari moja tu ambayo mtu wa hapa hawezi kuipata kwa redio nyingine yoyote. Kwetu ilikuwa bei ya pojo. Kwenu huenda ni maji, au siku ya kliniki, au mvua za Oktoba hadi Desemba ambazo ndizo mnazozitegemea. Ifanyeni kila siku, kwa saa ile ile, na iwe kweli. Mkikosea, semeni mmekosea, siku ile ile.

Na ninyi mnaosema hamtachanga tena, sitawalaumu. Lakini kabla hamjaondoka, leteni malalamiko yenu studio, myaseme hewani kwa sauti zenu wenyewe. Mwenyekiti, naona umeshtuka. Waruhusu. Nawahakikishia jioni hiyo kijiji kizima kitasikiliza.

Mtaniuliza, sisi tumefanikiwa? Bado. Nyuma ya kilima bado ni giza. Stima bado ni ghali. Nairobi bado wana muziki mzuri kuliko wetu. Lakini yule mwenye duka ametia alama ya wino mwekundu kwenye kioo cha redio yake, pale masafa yetu yalipo, asisumbuke kuzungusha.

Na yule mama wa mbuzi sasa ndiye anayetuletea bei za soko lao kila Jumatatu, na hajawahi kukisia. Juzi nilimtania nikamwuliza, "Mama, umempata mbuzi wako?" Akanijibu, "Bado, Mwalimu. Lakini siku hizi namsikia."



MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, ni nyumba ngapi zinasikiliza redio yetu? Tumehesabu au tunakisia?

2. Redio ya nyumbani inashikwa na nani? Akina mama na vijana wanapata nafasi saa ngapi?

3. Ni habari gani moja tunayoihitaji kila wiki na ambayo hakuna kituo kingine kinachoitoa? Nani kati yetu anaweza kuileta, na bila kukosa?

4. Mfanyabiashara au mwanasiasa akitaka kutulipa ili tunyamaze juu ya jambo fulani, tutaamuaje? Nani atakuwepo katika uamuzi huo?

5. Tukikosea hewani, tutawaombaje watu msamaha?